Mzee Aliyetaka Banio Livunjike

Alikuwa akitembea ndani ya mfereji, si pembeni yake. Sisi wengine tulipita ukingoni, njia ipo, imekanyagwa miaka na miaka mpaka imekuwa ngumu kama sakafu. Yeye alivua viatu, akavifunga kamba, akavining'iniza shingoni, akaingia majini. Alisema mguu unaona zaidi ya jicho. Pale mfereji unapovuja, maji ya chini yanakwenda haraka kidogo na baridi yake inauma kisigino. Akisikia hivyo anasimama, anainama, anapapasa ukingo kwa mkono mpaka anapata tundu la fuko. Analiziba kwa bonge la udongo lenye nyasi, analipiga ngumi tatu, anaendelea. Hivyo kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia mtoni kule juu karibu na msitu mpaka kwenye vihamba vya mwisho, yale mashamba yetu ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, chini ya kanisa.

Kwetu Machame tulimwita Mzee wa Mfereji. Jina analo, na watoto wake wapo, lakini sitaliandika, kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa tajwa. Wengine nitawataja. Anaeli, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, nitamtaja. Yule bwana wa kampuni tuliyempa jina la Bwana Mikoko, nitamtaja. Na mimi nijitaje mapema ili nisionekane nawasema watu huku nimejificha: mimi ndiye fundi niliyejenga banio la zege, na banio hilo ndilo lililomuua mama yangu. Sikusoma, niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea.

Banio ni pale mfereji unapoanzia. Unazuia mto kidogo, maji yanapanda, mengine yanaingia mferejini na mengine yanaendelea na safari yake. La kwetu lilikuwa la mawe, vigogo vya migomba, majani na udongo. Kila masika mto ulilibeba lote. Kila mvua zikipungua, Mzee wa Mfereji alipiga baragumu alfajiri na watu wakatoka kwenda msaragambo, kila nyumba mtu mmoja, na kigogo cha mgomba begani. Kwa siku moja tu, banio limesimama tena. Asiyekuja hana maji. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini tunajenga kitu kinachobomoka kila mwaka. Mimi nilikuwa wa kwanza kuuliza, na nilijiona nina akili sana.

Tuanze na koti lake, maana ukimuuliza mtu yeyote wa rika langu atakuanzia na koti. Miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni Moshi, mke wake alimnunulia koti zito la sufu, jekundu, la kike. Vifungo vinafungia upande usio wake na kiunoni limebanwa. Mzee akalipenda. Alilivaa kanisani, mikutanoni na msibani. Siku moja kwenye mkutano wa kijiji Anaeli akasimama mbele ya watu, amevaa tai, akamwambia, "Mzee wetu, hilo koti la mama nani?"

"La mama mmoja wa Ulaya," akajibu Mzee bila kuinuka. "Alikufa, hana baridi tena. Na hiyo tai yako ni ya marehemu yupi?"

Watu walicheka mpaka mkutano ukaahirishwa. Anaeli hakusahau. Nadhani mengine yote yalianzia hapo, ingawa siwezi kulithibitisha mbele ya hakimu.

Ulimi wake ulikuwa hivyo, lakini hakuutumia kwa wezi wa maji. Maji ya mfereji yalikuwa na zamu. Nyumba hii kuanzia jua likigusa bati la kanisa mpaka kivuli cha mti fulani kifike njiani, nyumba ile baada ya hapo. Ukifungua maji nje ya zamu yako unamnyima mwenzako. Akikukamata hakupigi kelele. Anaingia kihambani kwako, anatafuta kigogo anakaa, anaangalia maji yanavyoingia kwenye migomba yako. Yakiisha anakuambia, "Haya, nimekuja kula maji yangu. Mmepika nini?" Utampikia. Atakula polepole, atasifia chakula, atawauliza watoto habari za shule. Akiondoka unatamani angekutukana. Mimi alinilia ndizi na maharage mara mbili, na sikuiba tena mara ya tatu.

Na hata yeye aliiba. Kulikuwa na mama mmoja mjane juu ya shule, alikuwa na miche ya kahawa inanyauka, na zamu yake mpaka Alhamisi. Jumanne mchana, zamu ya mchungaji, tuliona maji yanakwenda kwa mjane. Mchungaji akaja mwenyewe mbio mbio.

"Mzee, leo si zamu yangu?"

"Ni yako, baba mchungaji. Nimekosea hesabu ya jua."

Mtu aliyesoma jua maisha yake yote. Mchungaji alimwangalia, akaangalia ile miche, akarudi nyumbani kwake.

Alikuwa mzee wa kanisa, anaimba sauti ya nne kwenye kwaya, na mahubiri yakianza tu analala, mikono juu ya magoti, hakoromi. Siku ya msaragambo, kabla jiwe la kwanza halijawekwa, alimimina mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi, pale mtoni akanong'ona maneno ya Kichagga. Alipoulizwa na mchungaji huyo huyo, alisema, "Wewe ukiingia nyumba ya mtu husalimii?" Mbege yenyewe hakuipenda. Alikunywa funda moja kwa heshima na kata akakupa wewe.

Nisimfanye malaika. Kwa wanawe alikuwa mgumu. Wote wanne waliondoka, Arusha na Dar, mmoja aliwabebea watalii mizigo mlimani kisha naye akapotelea mjini. Hakuwaomba wabaki na hakuwaandikia. Aliwahi kuniambia tukiwa tunaziba tundu, bila mimi kumuuliza, "Nimeongea na haya maji kuliko nilivyoongea na watoto wangu." Halafu akaniagiza nimletee bonge jingine. Na alikuwa bahili wa ugoro ajabu, anakuonyesha kopo kisha analirudisha mfukoni.

Sasa nije kwenye ubia, maana hilo ndilo neno walilokuja nalo.

Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa imekufa. Wanunuzi binafsi walikuwa wanapanda na mizani zao kwenye pikapu, chama cha ushirika kimebaki ukuta na kufuli. Watu walikuwa wanang'oa mibuni wanapanda nyanya, na nyanya zinataka maji kila siku. Vijana hawaji tena msaragambo. Wakati huo huo, tambarare kule chini kupita Bomang'ombe, kampuni moja ya maua ilikuwa imefungua mashamba. Maua yanakunywa maji ya mto wetu. Kampuni ikaona kwamba msitu wa kwenye chanzo ukiisha, nayo imekwisha. Hapo hawakukosea.

Wakamtuma bwana mmoja mnene, mpole, mwenye kofia, aliyekuwa amefanya kazi ya namna hiyo pwani. Mkutano ulifanyika darasani. Akapitisha picha za miti ya ajabu imesimama kwenye matope.

"Hii ni mikoko," akasema. "Wananchi walikuwa wanaikata. Kampuni ikawekeza, wananchi wakapanda, tukawa wabia. Leo kaa wamerudi, samaki wamerudi. Tunataka kufanya hivyo hivyo na msitu wenu."

Mzee wa Mfereji alishika picha moja muda mrefu. "Huu mti unasimama majini?"

"Ndani ya maji ya chumvi kabisa, mzee wangu. Hiyo unayoona juu ni mizizi."

"Bahari ikipanda?"

"Maji yanapita katikati ya mizizi, halafu yanarudi."

"Mti hauyazuii?"

"Unayapunguza nguvu tu. Ungeyazuia ungeng'oka."

Mzee akatikisa kichwa, amefurahi kama mtu aliyekutana na ndugu wa mbali. "Una akili huo mti. Banio letu ni la ukoo huo."

Yule bwana akacheka kwa adabu na hakuandika kitu. Tangu siku hiyo tukamwita Bwana Mikoko. Mimi huwa najiuliza: angekuwa ameandika yale maneno tu, kwenye kile kidaftari chake.

Mwanzo ulikuwa mzuri, lazima niseme haki. Walitaka kupanda mikaratusi kwenye chanzo, Mzee akakataa, akasema inakunywa kama mlevi. Wakamsikiliza. Akawaonyesha miti ya kwetu, misesewe, miruka na mikuyu, ya kuchukulia mbegu, wakaanzisha kitalu, na kina mama ishirini wakapata kazi ya miche. Miti ile ipo mpaka leo, mirefu, nenda kaangalie. Bwana Mikoko alikuwa akipanda huko juu na Mzee kila wiki, mmoja na buti, mwingine miguu mitupu, wanabishana habari za mbegu kama marafiki. Kwenye kalenda ya kampuni ya mwaka uliofuata Mzee akawekwa mwezi wa nne, mwezi wa masika, amevaa koti lake. Chini wameandika "Mwanajamii." Mke wake alisema kwa sauti ya kujivuna, "Miaka arobaini nampikia, sikujua ananyesha mwezi mmoja tu."

Kisha wakubwa wa kampuni wakataka kitu cha kufungua kwa utepe. Miche haifunguliwi kwa utepe. Injinia wao akaja, akaliona banio letu la migomba na mawe, akapiga picha kama vile amekuta mgonjwa. Ikaamuliwa: banio la zege, ukuta toka ukingo mpaka ukingo, lango la chuma, kufuli, na kibao kikubwa cha ubia. Msaragambo hautakuwepo tena. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote. Nilikuwa nimejifunza ufundi Moshi, nimechoka kujenga vyoo.

Mzee peke yake akakataa. Kwa desturi yetu hakuna mtu anayegusa kichwa cha mfereji bila mzee wake kukubali, na kampuni ilitaka karatasi yenye sahihi yake. Mikutano mitatu alisema kitu kile kile.

"Banio lazima livunjike. Mto ukija na nguvu unalibeba, halafu unapita njia yake. Maji ya mferejini yanakauka siku mbili tatu, tunajenga tena, hakuna aliyekufa. Mkiweka kitu kisichovunjika, mto utaingia wote mferejini. Na mferejini ndiko mliko ninyi."

Anaeli akasema mzee anaogopa kukosa kazi. Wengine wakaitikia. Mimi pia, nilikuwa nimekaa nyuma.

Sasa hapa ndipo penye jambo lililofanywa na watu wa kwetu, si kampuni. Kampuni isingelijua. Mchagga ukimkosea mwenzako, unachukua jani la sale, ule mmea unaozunguka vihamba vyetu na kusimama kwenye makaburi yetu, unalifunga fundo, unamletea na mbege. Aliyeletewa hawezi kukataa. Hata kama umemuulia mtu wake, akiona sale anasamehe, na asiposamehe laana inabaki nyumbani kwake. Sijawahi kusikia mtu aliyekataa.

Jumamosi moja asubuhi Anaeli akaenda kwa Mzee na sale mkononi. Bwana Mikoko yuko nyuma yake, naye ana jani lake, amefundishwa namna ya kulishika. Mtungi wa mbege nimeubeba mimi.

Mzee alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Aliona lile jani, akaweka panga chini.

"Shikamoo, mzee," akasema Anaeli.

"Marahaba. Hilo ni jani la msamaha, Anaeli. Umekosa nini?"

"Mengi, mzee. Naomba radhi kwa yote, na naomba tukubaliane na mradi."

"Hayo ni mambo mawili. Taja kosa."

Anaeli angeweza kutaja hata uongo, lakini hakutaja. Alibaki amenyoosha mkono na lile fundo. Bwana Mikoko akanyoosha la kwake pia, anatabasamu, maskini, nadhani aliona ni sherehe. Mke wa Mzee alisimama mlangoni na mwiko, ameziba mdomo.

Mzee aliangalia lile jani mpaka mtungi ukaanza kunichosha mabega. Halafu akalipokea. Sahihi aliweka siku hiyo hiyo, kwa dole gumba, ingawa alijua kuandika.

Nilipoanza kujenga alikuja kila siku akakaa juu ya jiwe. Alinisifia, unajua. "Timazi yako imenyooka, fundi." Siku ya mwisho ya kumwaga zege, wenzangu wakiwa wanachanganya kokoto, akashuka karibu akaniambia polepole, wengine wasisikie:

"Nakuomba, fundi. Niachie upande mmoja. Hatua mbili tu. Pale usimwage, niache niweke mawe na migomba. Ukuta wako ubaki, kibao chao kibaki, hatua mbili tu ziwe zangu."

Injinia hakuwepo. Ningeweza, kwa Mungu ningeweza. Ilikuwa ni kutoa mbao mbili.

Nikasema kwa sauti ya juu, ili wenzangu wacheke, "Mzee, ramani haina migomba."

Wakacheka. Yeye alikaa mpaka tukamaliza, akachota maji kwa kiganja, akainyunyizia zege isipasuke na jua, kama nilivyomwona mama akifanya kwa mtoto mwenye homa. Akaondoka kwa njia ya ukingoni. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anapita ukingoni.

Miaka miwili ilikuwa ya sifa. Maji yalikuja hata kiangazi, na watu wakasahau sauti ya baragumu. Ufunguo wa lango ulikaa kwa Anaeli, kwa sababu mbia wa kampuni ni serikali ya kijiji, si mzee mwenye koti la kike. Mfereji haukusafishwa maana hakuna aliyeitwa. Mzee aliendelea kutembea humo na kuziba matundu, peke yake.

Masika ya tatu mvua ilinyesha siku nne. Haikuwa mvua ya ajabu. Waliandika baadaye kwenye ripoti yao kuwa mvua haikuwa ya kawaida, waongo. Mzee alikuwa ameona mvua kubwa kuliko ile mara tatu, na kila mara banio liliondoka na vihamba vikabaki. Siku ya nne asubuhi mto ukapiga ukuta wangu. Ukuta haukutikisika. Nilikuwa nimejenga vizuri, hicho ndicho ninachokunywa nacho chai kila siku. Maji yakarundikana nyuma yake, hayana pa kubomoa, yakageuka yote kwenye mfereji.

Mzee alikuwa kule juu. Alikuwa amekwenda alfajiri kufunga lango la mfereji, akakuta limefungiwa wazi kwa kufuli. Anaeli yuko Moshi hotelini, kwenye semina ya ubia, na ufunguo uko mfukoni mwake. Mzee akachukua jiwe akaanza kugonga kufuli. Aligonga mpaka vidole vyake viwili vikavunjika.

Mimi nilikuwa nje nahamisha ng'ombe. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, nilikuwa namsikia anaimba wimbo wa kanisa, anaukosea maneno kama kawaida yake. Mfereji ulipasuka juu ya nyumba yetu. Sikuona maji; niliona migomba inatembea. Nilijikuta nimebanwa kwenye mti wa parachichi, nyonga imevunjika. Jiko halikuwepo.

Msibani Anaeli alisema ni kazi ya Mungu. Bwana Mikoko alikuja na mablanketi na mpiga picha. Alilia, nimeambiwa, mimi nilikuwa hospitali. Alilia kweli kweli. Lakini kwenye ripoti hakuandika kufuli, hakuandika hatua mbili.

Wodini Moshi, mtu wa kwanza asiye wa ukoo kuja kuniona alikuwa Mzee wa Mfereji. Alishuka na koti lake na chupa ya chai, ndani yake mtori wa ndizi. Mkono wake wa kulia umefungwa plasta. Nilitaka kugeukia ukutani, nyonga haikuniruhusu.

Akakaa. Akamimina mtori kwenye kifuniko kwa mkono wa kushoto, akaumwaga kidogo shukani, akaufuta kwa koti.

"Mzee," nikasema, "zege nilimwaga mimi."

"Na jani nilipokea mimi."

"Ungefanyaje? Ni sale."

"Ningekataa. Laana ingekuwa nyumbani kwangu peke yangu." Akanyanyua kifuniko mpaka kwenye mdomo wangu. "Niliogopa jani kuliko mto. Mzee mzima. Kunywa, unapoa."

Nikanywa. Hakuniambia kwamba alinionya, si siku ile wala siku nyingine yoyote, na nilimngojea aseme kwa miaka. Alikuja kila Jumatano mpaka nikatoka, na safari moja, nisiyoitegemea, alinipa ugoro.

Baadaye maua yalihamia kwa wenye mali wengine, Bwana Mikoko akapelekwa mkoa mwingine, kibao kikaota kutu. Ukuta ulibaki. Walifungua kufuli tu, wakamweka mtu wa zamu wa kukesha masika nzima kwenye lango, na sisi wa chini tukawa tunalala na viatu. Tulipoomba ubomolewe, ofisi ya kijiji ikasema hiyo ni mali ya mradi. Ofisi ya wilaya kule Bomang'ombe ikasema faili liko kwa kampuni. Hivyo kwa miaka. Sasa mimi nachechemea, ufundi siuwezi tena, na Mzee ukungu umemwingia machoni.

Kiangazi kimoja akatuma mtu aniite. Nikamkuta uani.

"Nyundo yako bado unayo?"

"Ipo. Na tindo."

"Twende tukachukue hatua mbili zangu."

Tulipanda asubuhi nzima, mmoja haoni, mmoja kiguru, tumeshikana kama walevi. Akakaa majini, akapapasa ukuta wangu kwa mikono yote miwili, akaweka kiganja mahali. "Anzia hapa." Siku tatu nilipiga. Zege ile, nililia kwa ubora wake.

Siku ya pili akatokea Anaeli. Alikuwa ameshatoka uenyekiti, amezeeka vibaya, ana fimbo. Akasimama ukingoni.

"Hiyo ni mali ya mradi," akasema. "Mtafungwa."

Mzee aligeuza uso upande wa sauti. "Ni Anaeli huyo? Vua viatu, ushuke. Kuna mawe ya kutoa hapa na fundi ana mguu mmoja."

Nilitaka kusema asishuke. Nilikuwa na nyundo mkononi na nilijua ningeweza kuitumia. Anaeli akaketi, akafungua kamba za viatu, akakunja suruali, akashuka. Alibeba mawe mpaka jioni, mimi nabomoa, yeye anabeba. Sikumsamehe na sitaki mtu aandike kwamba nilimsamehe. Alibeba mawe, basi.

Tukajaza zile hatua mbili kwa mawe, migomba na udongo, Mzee akipapasa kila jiwe.

Masika iliyofuata alikuwa kitandani, kifua. Mto ulikuja siku ya tatu ya mvua. Nilipanda kuuangalia, kisha nikashuka moja kwa moja kwake, nimelowa chapachapa. Mke wake akanifungulia, akaninong'oneza kwamba hajala tangu jana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani?"

"Fundi."

Akafumbua macho yasiyoona. "Umetoka juu?"

"Nimetoka juu. Limevunjika."

"Nani kaumia?"

"Hakuna mtu."

"Ng'ombe?"

"Hata kuku, baba. Zimeondoka zile hatua mbili tu, mto umepita njia yake. Mferejini hakuna maji kabisa."

Akavuta pumzi, ikakwaruza kifuani, akaitoa taratibu. Uso wake wote ulilegea. Mke wake akaleta uji, naye akanywa kikombe kizima bila kuombwa.

"Mvua ikitulia, Jumamosi," akasema. "Waambie, kila nyumba mtu mmoja na kigogo cha mgomba. Asiyekuja hana maji."

"Nitawaambia."

Nilikuwa na jambo la kumwambia kuhusu mama, nilikuwa nimelibeba miaka mingi, lakini alikuwa ameshalala. Nikakaa pale kitandani nikisikiliza mvua kwenye bati, mpaka ilipopungua. Halafu nikashika fimbo yangu, nikaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu habari ya Jumamosi.